Analaiza ya spektramu: kuiunganisha bila kuiunguza, kuisoma bila kudanganyika

Kwa mbali analaiza ya spektramu hudhaniwa kuwa osiloskopu: skrini, nobu moja kubwa, vitufe tele, konekta chini upande wa kulia. Osiloskopu huchora volti kadiri muda unavyopita. Analaiza huchora nguvu iliyomo katika kila masafa. Tofauti inayotia watu hasara, hata hivyo, iko mlangoni. Mlango wa kawaida wa osiloskopu una omu milioni moja na huvumilia volti nyingi. Wa analaiza una omu 50, na hatua chache nyuma yake kuna miksa yenye diodi ndogo zisizojua msamaha.

Karibu kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia kuchagua kebo hadi kusema kama kilele kilichopo kwenye skrini ni cha kweli, unarudi kwenye swali moja: ni nguvu kiasi gani inayofika kwenye miksa hiyo?

Njia ya signali ndani ya chombo

Signali ikiingia RF INPUT (mlango wa signali za masafa ya juu) hukutana kwanza na kapasita ya kuzuia DC. Si modeli zote zinayo, na nyingine zina kitufe cha AC/DC kinachoiondoa njiani ili masafa ya chini sana yapite. Kisha hupita atenyueta ya ngazi, yaani kipunguza nguvu kinachopandishwa kwa hatua za dB (desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu) 10, 5 au 2 kutegemea modeli. Hufuata filta, halafu miksa. Miksa huchanganya signali yako na wimbi la osileta ya ndani (kizalisha wimbi cha chombo), na zao lake huangukia kwenye masafa ya kati yasiyobadilika. Huko filta ya RBW, ambayo upana wake unauchagua wewe, huchuja, ditekta hupima, skrini huchora. Osileta ya ndani inapopanda kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, mstari nao huchorwa kutoka kushoto kwenda kulia. Safari hiyo moja ndiyo tunayoiita mpito.

Osileta huvuja kidogo kupitia miksa, kwa hiyo ukianzisha mpito kwenye Hz 0 utaona kilele kirefu ukingoni kushoto hata kama hakuna kebo iliyochomekwa. Hicho si signali yako. Kiache hapo, kinakuhakikishia kwamba osileta na miksa ziko hai.

Lebo iliyo kando ya mlango

Kikomo cha chombo kimeandikwa pale pale kwenye paneli, na mara nyingi ni dBm +30, yaani wati 1, pamoja na kikomo cha DC: volti 0 kwa mlango usio na kapasita, volti 50 au 100 kwa wenye kapasita. Soma cha chombo chako, si cha jirani. Kisha soma kitabu chake, kwa sababu lebo haisemi yote: kikomo cha wati 1 kwa kawaida kinadai atenyueta iwe kwenye dB 10 au zaidi, na priamplifaya (kikuza signali kilicho kabla ya miksa) ikiwashwa kikomo hushuka.

Hesabu za kukaa kichwani ni chache. Kwenye omu 50, dBm 0 ni miliwati 1, sawa na milivolti 224 RMS. dBm +30 ni volti 7.07 RMS. Kila dB 10 huzidisha nguvu mara kumi, kila dB 3 karibu mara mbili. Sasa fikiria amplifaya ya antena inayolishwa volti 12 za DC kupitia kebo ile ile ya signali. Ukiichomeka kwenye mlango wa DC volti 0, umeunguza chombo bila hata chembe ya masafa ya juu kuingia. Bloku ya DC ni kipande kidogo kama konekta. Ikae kwenye droo ya kwanza, si ya tatu.

Usichanganye kikomo cha kuungua na kiwango cha kupimia. Kwenye dBm +30 chombo hakifi, lakini vipimo vyake vitakuwa uongo mtupu kama atenyueta haijapandishwa. Miksa nyingi hufanya kazi safi zikipokea kati ya dBm −10 na dBm −40.

Mtego mmoja umeua analaiza nyingi. ATTEN, yaani mpangilio wa atenyueta, ikiwa kwenye AUTO, atenyueta huifuata REF LEVEL (kiwango cha mstari wa juu wa skrini). Ukishusha REF LEVEL ili uone signali ndogo, chombo huondoa atenyueta chenyewe, wakati mwingine hadi dB 0, nawe hukugusa kitufe cha ATTEN kabisa. Ukiwa na signali yoyote usiyoijua, ATTEN iwe ya mkono.

Konekta na kebo

Hapa ndipo vipimo vizuri huharibikia. Konekta ya N ya kawaida hufika GHz 11 na ya usahihi GHz 18. SMA GHz 18. Ya mm 3.5 GHz 26.5 au zaidi. Ya mm 2.92 GHz 40. Ya mm 2.4 GHz 50. BNC iachie mambo ya chini ya GHz 4, na ukweli ni kwamba nyingi huanza kuyumba kabla ya hapo.

SMA, mm 3.5 na mm 2.92 huingiliana. Ya mm 2.4 haiingiliani nazo. Ukiona uzi hauendi, usilazimishe. Tena, kuingiliana si kulingana. SMA ya bei nafuu huweza kuwa na pini iliyojitokeza kupita kiasi au plastiki iliyovimba, na ikikazwa kwenye mlango wa mm 3.5 husukuma vidole vya jike ndani. Hutaona kitu kwa macho, ila baada ya hapo kipimo kitakuwa kinacheza kila unapogusa kebo.

N za omu 75 ni hatari zaidi kwa sababu kwa nje zinafanana na za omu 50. Pini ya dume la omu 50 ni nene. Ukiitia kwenye jike la omu 75 unalipasua. Kinyume chake, dume la omu 75 kwenye jike la omu 50 halishiki vizuri: signali inakuja na kupotea. Kama unapima mfumo wa televisheni wa omu 75, tumia padi ya kulinganisha impidansi (ukinzani kwa signali, yaani hizo omu 50 na 75). Ile yenye hasara ndogo kabisa hupunguza dB 5.7, na kiasi hicho lazima ukiongeze kwenye usomaji kupitia kitufe cha REF LVL OFFSET.

Kabla ya kuunga, tazama kwa kioo cha kukuza. Pini iwe katikati, vidole vya jike viwe vyote na vimenyooka, pasiwe na vumbi la chuma. Safisha kwa kijiti kisichoacha nyuzi kilicholowekwa kidogo alkoholi ya isopropili, kisha puliza hewa kavu. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate.

Zungusha nati, kamwe usizungushe mwili wa kebo. Ukizungusha mwili, pini inasugua ndani ya jike kama patasi. Anza kwa vidole mpaka ikae, kisha malizia kwa spana ya toki huku spana ya pili ikishikilia mwili usigeuke: N·m 0.56 kwa SMA, N·m 0.9 kwa mm 3.5, 2.92 na 2.4, N·m 1.36 kwa N. Spana ikishalegea kwa mlio wake, acha. Koleo halina kazi hapa.

Kwenye mlango wa chombo wenyewe acha adapta ya kafara, iliyokazwa na isiyotolewa. Kebo zote ziunge kwenye adapta hiyo. Ikichakaa unaitupa, mlango wa chombo ukichakaa unapeleka chombo kizima kwa fundi.

Kebo nazo zina hasara inayoongezeka kadiri masafa yanavyopanda. Ipime kebo yako kwenye masafa unayoyafanyia kazi badala ya kuamini jedwali, na usiikunje kona kali. Mkunjo mmoja hubadilisha impidansi hapo hapo na huakisi signali. Kuhusu uakisi: analaiza yenye SWR (kipimo cha uakisi, ambapo 1 ni bila uakisi) ya 1.5 ikiungwa na chanzo chenye SWR 3 inaweza kukosea kwa karibu dB 0.9 juu au chini, na huwezi kujua upande upi. Atenyueta ya dB 10 kwenye mdomo wa chanzo hushusha uakisi huo kwa dB 20, maana wimbi linapita ndani yake kwenda na kurudi. Kwa vipimo vya kiwango, dB 10 hizo zina thamani kuliko unyeti unaoupoteza.

Kuunga na kuwasha

1. Washa analaiza na uiache dakika 30 ipate joto. Matundu ya feni yawe wazi. Kama ina kazi ya kujisawazisha yenyewe, ifanye sasa, bila kitu chochote kwenye RF INPUT.

2. Chomeka analaiza na kifaa unachopima kwenye soketi zenye waya wa ardhi ulio mzima, ikiwezekana mkono mmoja wa soketi. Waya wa ardhi ukiwa umekatika, kapasita za filta ya umeme huinua mwili wa kifaa hadi karibu nusu ya volti za laini. Mkondo wake ni mdogo, lakini ukigusisha konekta unatoa cheche, na cheche hiyo inapitia pini ya katikati.

3. Toa chaji tuli. Kebo ndefu iliyolala mezani hujichaji, na antena ya nje hujichaji zaidi. Gusisha pini ya katikati kwenye mwili wa kebo au ifunge kwa muda na tamati (kizibo chenye ukinzani) ya omu 50, kisha ndipo uichomeke.

4. Piga hesabu ya dBm kabla ya kuunga. Kama huijui nguvu, weka atenyueta ya dB 30 nje.

5. Bonyeza PRESET (kurudisha mipangilio ya mwanzo), na baada yake, si kabla, weka ATTEN kwa mkono kwenye kiwango cha juu kabisa na uzime priamplifaya. PRESET hurudisha ATTEN kwenye AUTO, kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi una maana.

6. Unga kebo chanzo kikiwa kimezimwa. Kaza. Washa chanzo.

7. Tazama masafa yote kwanza, kutoka mwanzo hadi mwisho wa uwezo wa chombo. Miksa haijui umechagua upana gani kwenye skrini. Inapokea kila kinachoingia. Stesheni kubwa ya FM iliyo nje ya skrini yako inaweza kuilemea nawe ukabaki kushangaa kwa nini signali yako imelegea.

8. Sasa weka masafa ya katikati, punguza SPAN (upana wa masafa kwenye skrini), na ushushe ATTEN hatua kwa hatua mpaka kilele kikuu kinachofika kwenye miksa kiwe karibu dBm −20 au −30.

Mfano: hamoniki ya redio koli ya wati 5

Tuseme unataka kujua kama hamoniki ya pili (wimbi la ziada lenye masafa mara mbili) ya redio koli inayorusha MHz 145 iko chini ya wimbi kuu kwa dB 60. Hamoniki hiyo iko MHz 290. Wati 5 ni dBm +37, mara tano ya kikomo cha mlango. Ukiichomeka moja kwa moja na kubonyeza kitufe cha kuongea, kazi imeisha.

Weka nje atenyueta mbili za dB 20. Ile ya kwanza inabeba karibu mzigo wote: asilimia 99 ya nguvu, yaani wati 4.95, inageuka joto ndani yake. Kwa hiyo iwe ya wati 10 au zaidi. Ya pili inapokea miliwati 50 tu na inaweza kuwa ndogo. Atenyueta kubwa nyingine zina upande wa kuingilia uliowekewa alama. Zikigeuzwa, joto linakwenda upande usio na mapezi ya kupozea. Baada ya dB 40 kinachofika mlangoni ni dBm −3.

Ukiweka ATTEN dB 20, miksa inapokea dBm −23. Inaonekana sawa, lakini sasa angalia upande wa pili. Miksa nayo hutengeneza hamoniki zake. Kwa chombo chenye nukta ya mkato ya hamoniki ya pili (kiwango cha kinadharia ambapo hamoniki ya ndani ingelingana na wimbi kuu) ya dBm +40, hamoniki inayozaliwa ndani iko dB 63 chini ya wimbi kuu. Unayoitafuta iko dB 60. Hizo mbili zikikutana zinaweza kujumlishana au kukatana, na usomaji ukakosea dB 4.6 kwenda juu, au zaidi ya dB 10 kwenda chini. Redio mbovu inaweza kufaulu kwa bahati tu.

Panda hadi ATTEN dB 40. Miksa sasa inapokea dBm −43, uongo wake umeshuka hadi dB 83 chini, na kosa limebaki kama dB 0.6. Gharama yake ni kupanda kwa sakafu ya kelele, yaani kelele ya chombo chenyewe inayofunika signali ndogo. Chombo chenye kelele ya dBm −150 kwa Hz 1, kikiwa na RBW ya kHz 10 na ATTEN dB 40, kina sakafu ya dBm −70, na hamoniki yako imesimama dBm −63. Nafasi ya dB 7 ni finyu. Shusha RBW hadi kHz 1 na sakafu inakuwa dBm −80. Sasa una dB 17. Kwa SPAN ya MHz 1 mpito utachukua kama sekunde 2.5 kwenye chombo cha filta za analogi. Rusha bila kuongea, ili FM isitandaze wimbi nje ya filta.

Kama ungehitaji kuona dB 80 chini, mchezo huu wa ATTEN na RBW usingetosha. Hapo weka filta inayokata MHz 145 na kupitisha MHz 290 kabla ya chombo, ili miksa isilione wimbi kuu kabisa, na usisahau kupima hasara ya filta hiyo kwenye MHz 290.

Kilele ni cha kweli au cha chombo?

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi mwingi. Ongeza ATTEN kwa dB 10. Chombo hufidia kwenye skrini, kwa hiyo signali ya kweli hubaki ilipokuwa na sakafu ya kelele hupanda dB 10. Hamoniki ya pili iliyozaliwa kwenye miksa itashuka dB 10 kwenye skrini. Mazao ya daraja la tatu, yale yanayojitokeza pembeni mwa signali mbili zilizokaribiana, yatashuka dB 20. Na kama wimbi kuu lenyewe limepanda ulipoongeza ATTEN, miksa ilikuwa imelemewa. Usomaji wa awali utupe.

Atenyueta ya nje haifai kwa jaribio hili kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu chombo hakijui kwamba umeiweka na hakifidii: hata signali ya kweli itashuka dB 10.

Jaribio la pili: chomoa kebo na uweke tamati ya omu 50. Kilele kikibaki, kinatoka ndani ya chombo. Kikipotea na tamati lakini kikirudi kebo inapounganishwa na kifaa kilichozimwa, kebo yako ni antena. Kaza konekta, au badilisha kebo yenye ngao mbovu.

RBW, muda na kelele

RBW ni upana wa filta inayopita juu ya signali yako. Kila ukiipunguza mara kumi, sakafu ya kelele hushuka dB 10. Kwa filta za analogi muda wa mpito ni karibu mara 2.5 ya SPAN kugawanya kwa RBW iliyozidishwa kwa yenyewe. SPAN ya MHz 100 na RBW ya kHz 10 ni sekunde 2.5, RBW ikiwa kHz 1, ni sekunde 250, zaidi ya dakika nne. Vyombo vya kisasa vinavyotumia FFT (kuhesabu spektramu kidijitali) ni vya haraka zaidi kwa RBW ndogo. Ukilazimisha muda mfupi kwa mkono, skrini huandika UNCAL au kitu cha namna hiyo. Kilele hushuka na kusogea kulia. Hilo si pendekezo, ni onyo.

Kutenganisha signali mbili zilizo sawa, RBW iwe ndogo kuliko umbali uliopo kati yake. Zikiwa hazilingani, mambo hubadilika. Filta ya analogi huweza kuwa pana mara 11 pale ilipo dB 60 chini ikilinganishwa na dB 3. Signali ndogo iliyo kHz 10 kando ya kubwa na dB 60 chini yake haitaonekana kwa RBW ya kHz 3, maana sketi ya filta inafika kHz 16.5 kila upande. Kwa kHz 1 inafika kHz 5.5, na signali inajitokeza.

VBW, filta iliyo baada ya ditekta, hulainisha mstari tu, haishushi sakafu. Theluthi hadi sehemu ya kumi ya RBW inatosha kwa signali tulivu, lakini kwa mapigo ya rada au ya data VBW isiwe ndogo kuliko RBW, la sivyo vilele vitakatwa. Signali ikiwa dB 3 tu juu ya kelele, nusu ya unachosoma ni kelele. Ikiwa dB 10 juu, kosa ni kama nusu desibeli. Na unapopima kelele yenyewe kwa wastani wa kipimo cha desibeli, usomaji huwa pungufu kwa dB 2.5, tumia maka (alama ya kusomea kwenye skrini) ya kelele, ambayo hufidia, au ditekta ya wastani wa nguvu.

Paneli ya nyuma

REF IN na REF OUT za MHz 10 ndizo zinazostahili muda wako. Kila chombo kina osileta yake ya rejea, na osileta ya kawaida yenye usahihi wa sehemu moja kwa milioni inakosea kHz 1 kwenye GHz 1. Ukipima jenereta ya signali kwa SPAN ya kHz 1 na usione kitu, huenda signali iko nje ya skrini tu. Peleka REF OUT ya jenereta kwenye REF IN ya analaiza kwa kebo ya BNC, chagua rejea ya nje, na subiri alama ya EXT REF itokee bila kumweka. Elekea upande mmoja tu. Vyombo viwili vikifuatana kila kimoja mwenziwe, vyote hutangatanga.

TRIG IN hupokea mapigo ya kidijitali ya TTL ya kuanzisha mpito, usiitie signali ya RF. Vyombo vya zamani vina pato la osileta ya ndani, 1ST LO OUT. Lisipotumika lifungwe na tamati ya omu 50, vinginevyo usomaji huyumba. Kwenye modeli yenye jenereta ya kufuatilia (inayotoa signali inayokwenda pamoja na mpito), pato lake lina kikomo cha nguvu ya kurudi. Ukipima amplifaya kwa njia hiyo na ukageuza kebo kwa bahati mbaya, amplifaya inamwaga nguvu kwenye pato. Andika IN na OUT kwenye kebo kwa utepe.

Kuiongoza kwa kompyuta

Kwa LAN, vyombo vingi husikiliza amri za SCPI (lugha ya kawaida ya kuongozea vyombo vya kupimia) kwenye bandari 5025. Kwa GPIB, mfumo mwingine wa kebo za kuunganisha vyombo na kompyuta, anwani ya kiwandani kwa kawaida ni 18 kwenye analaiza za Keysight na 20 kwenye za Rohde & Schwarz; jumla ya kebo isizidi mita 2 kwa kila kifaa wala mita 20 kwa mfumo mzima. Tuma *IDN? kwanza. Chombo kikijibu jina lake, endelea:

FREQ:CENT 290 MHz
FREQ:SPAN 1 MHz
BAND 1 kHz
INIT:CONT OFF
INIT:IMM;*OPC?
CALC:MARK1:MAX
CALC:MARK1:Y?

Amri ya ATTEN hutofautiana: POW:ATT kwa baadhi, INP:ATT kwa wengine. Itume mara tu baada ya *RST, kwa sababu *RST ni PRESET kwa jina jingine na hurudisha AUTO. Kosa linalowasumbua wengi ni kusoma maka kabla mpito haujaisha. Namba inakuja, inaonekana nzuri, ni ya mpito uliopita. Ndiyo maana kuna INIT:CONT OFF na *OPC?, na muda wa kusubiri wa programu uwe mrefu kuliko mpito wenyewe.

Ukishuku imeungua

Chukua signali unayoiamini, ama ya CAL OUT (pato la kusawazishia) ya chombo chenyewe ama ya jenereta iliyowekwa dBm −20. Weka REF LEVEL dBm 0 na uiache. Soma kilele ATTEN ikiwa dB 10, 20, 30, 40, ukiandika kila namba. Zote zisitofautiane kwa zaidi ya sehemu ndogo ya desibeli. Hatua moja ikitoka nje kwa desibeli kadhaa na nyingine zikiwa sawa, kipande hicho cha atenyueta kimeungua na miksa huenda imenusurika; unaweza kuendelea kutumia hatua nzima ukisubiri matengenezo, mradi uibandike karatasi kwenye paneli. Kila hatua ikisoma chini kwa kiasi kile kile na sakafu ya kelele iko palepale, mashaka yanahamia kwenye miksa. Kama hata kilele cha Hz 0 kimetoweka, usihangaike na kebo tena: osileta ya ndani haifiki kwenye miksa au miksa yenyewe imekufa, na kifuniko hakina budi kufunguliwa na mtu mwenye vifaa vya kukisawazisha upya.